Seti ya kujitengenezea upinde wa mwerezi mwekundu: mbao safi sana, karatasi ya maelekezo weka pembeni

Niseme mapema kabla sijaingia ndani: mti uliopo kwenye hii seti ni wa maana, na ukiutendea haki unakupa upinde mwepesi, mtamu mkononi, unaorusha mshale kwa kasi ambayo huitegemei kwa mti laini namna hii. Tatizo ni karatasi ya maelekezo waliyoambatanisha. Sio kwamba imeandikwa vibaya, inasomeka vizuri tu, ila kuna sehemu moja humo ikifuatwa upinde una nafasi kubwa ya kukukatikia mbele ya uso, na hiyo siwezi kuipita kimya kimya maana seti yenyewe inauzwa kwa watu wanaoanza.

Ndani ya boksi kuna nusu gogo la mwerezi lililopasuliwa kwa kabari, sio kwa msumeno (hii nimeipenda sana, nitaeleza kwa nini), gome limeshabanduliwa, ncha mbili zimepakwa nta ili zisipasuke. Kuna vipande viwili vya ngozi mbichi iliyokaushwa, nyembamba, vya kubandika mgongoni mwa upinde. Kuna gundi ya ngozi ya chengachenga, kikwaruzo cha bati gumu, na kamba ya naironi. Tupa ya mbao, randa, shoka dogo na jiriwa unatafuta mwenyewe, na ukiwa na kile kisu cha kuvuta kwa mikono miwili kazi inakwenda haraka zaidi.

Sasa kabla hujaagiza seti yoyote ya aina hii kutoka kwa muuzaji yeyote, muulize jina la kisayansi la mti, na hapo sitanii. Mwerezi mwekundu wa kutengenezea upinde ni Juniperus virginiana, mti wa mashariki mwa Amerika Kaskazini, jamii moja kabisa na mtarakwa. Kuna mwingine unaitwa mwerezi mwekundu huohuo lakini ni wa magharibi, Thuja plicata, huo ni wa mapaa, kuta na maboksi, ni mwepesi mno, kama kilo 370 kwa mita moja ya ujazo, unaacha alama hata kwa ukucha na ukiukunja sana unakatika. Mtu akikuuzia huo kwa ajili ya upinde amekupotezea muda wako wote. Kuutambua sio kazi: ule wa mashariki kiini chake ni chekundu cha kuelekea zambarau, kimetengana wazi na mti mweupe wa nje, vifundo ni vingi, na harufu yake ni ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Kwa kweli ndo wenyewe, penseli kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa mti huu mpaka ulipoadimika, watengenezaji wakahamia mwerezi mwingine wa California. Kipande nilicholetewa kilikuwa sahihi, nikakata kidogo kwenye ncha na chumba kizima kikanukia.

Kuhusu ubora wa mti wenyewe watu wanabishana sana, na mi nadhani wengi wanaoukataa wanaangalia namba moja tu. Ni kweli kwenye karatasi unaonekana dhaifu. Ukichukua osage, ule mti wa njano ambao mafundi wengi wa Marekani wanausifu kuliko yote, unakuta una kilo kama 855 kwa mita ya ujazo na nguvu yake ya kuhimili kukunjwa kabla ya kuvunjika ni zaidi ya megapaskali 125, wakati mwerezi mwekundu una kilo kama 530 na nguvu ya kama 60. Nusu. Mtu akiona hapo anafunga kitabu. Lakini angalia na ugumu wake wa kukunjika, mwerezi una kama gigapaskali 6 na osage kama 11 na ushee, yaani mwerezi nao unakunjika kirahisi zaidi, kwa hiyo ukiupa upana na urefu wa kutosha haufikishwi kule kwenye kuvunjika. Halafu wepesi wenyewe ni faida, maana nguvu uliyoweka kwa kuvuta inagawanywa kati ya mshale na mikono ya upinde (zile pande zake mbili zinazokunjika) inayorudi mbele, mikono ikiwa myepesi hasa kule kwenye ncha basi sehemu kubwa inakwenda kwenye mshale, na kiganja chako hakipigwi na mtikisiko.

Na wala sio jambo jipya. Ishi, yule mtu wa mwisho wa kabila la Yahi aliyetokea karibu na Oroville kule California mwaka 1911, upinde wake ulielezwa na daktari wake, Saxton Pope, kuwa ni wa juniperi ya milimani (jamii moja na mwerezi wetu), mfupi wa inchi 42 hivi, bapa, na mgongoni umebandikwa kano za mnyama. Zingatia hiyo ya mwisho, kano mgongoni. Mtu aliyekuwa anategemea upinde ili ale hakuuacha mgongo wa juniperi uchi, na hapo ndo kiini cha maneno yangu yote kuhusu hii seti.

Upinde ukivutwa, mgongo, yaani upande unaotazama shabaha, unavutika, na tumbo, upande unaokutazama wewe, linabanwa. Mwerezi mwekundu kwa kubanwa uko vizuri sana, tumbo lake linavumilia na kurudi. Kwa kuvutika ndo hauko vizuri. Kwa hiyo upinde huu ukifa karibu siku zote unafia mgongoni, unyuzi mmoja unainuka, kisha unasikia mlio na vipande vinaruka. Sasa karatasi ya maelekezo inasema nini? Inasema chukua msasa uupige mgongo mpaka uwe bapa na ung'ae, ndo ubandike ngozi. Jamani hapana. Mgongo wa upinde wa mti uliopasuliwa ni ule ule uso uliokuwa chini ya gome, nyuzi zake zinakwenda kutoka ncha hadi ncha bila kukatwa, zinapanda na kushuka kufuata kila kifundo na kila kibonde. Ndo maana nilifurahi kuona gogo limepasuliwa kwa kabari, kabari inafuata nyuzi, msumeno haufuati. Halafu mtu huyohuyo aliyepasua vizuri anakuambia upige msasa ukate nyuzi zote ili ngozi ikae bapa! Ngozi mbichi ikilowekwa inakuwa laini, inakaa kwenye mabonde na vilima bila shida yoyote, haihitaji mgongo bapa.

Kinachotakiwa mgongoni ni kukwaruza taratibu mabaki ya gome la ndani, lile tabaka jembamba la kahawia, mpaka unakutana na mweupe, basi unaacha. Nilitumia mgongo wa kisu butu na maji ya uvuguvugu kwenye sehemu ngumu. Ule mti mweupe uache, usiutoe wote ukifuata wekundu kwa sababu ya urembo, mweupe mgongoni na wekundu tumboni ni mpangilio mzuri kama ule wa pinde ndefu za mti wa yu za Uingereza. Kama mweupe ni mnene sana mafundi wengine wanaupunguza, lakini hapo inabidi ufuate pete moja ya mwaka kuanzia ncha hadi ncha na pete za mwerezi mara nyingi ni nyembamba mno, mtu anayeanza asiguse.

Vifundo. Hapa nakaa kidogo maana ndo sehemu inayowakimbiza watu na ndo niliyoipenda zaidi. Mti huu hauna kipande kisicho na vifundo, ukisubiri kisafi utasubiri sana. Kwenye kipande changu kulikuwa na kimoja mkono wa chini, kama theluthi kutoka mshikoni, cheusi katikati, upana wa kama ncha ya kidole gumba, na nyuzi zimepita pande zake mbili kama maji ya mto yanavyolizunguka jiwe kisha yanaungana tena mbele. Ukiangalia vile ndo unajua cha kufanya, usikate hizo nyuzi zinazozunguka. Kwa hiyo ukingo wa upinde pale sikuunyoosha, niliuacha utokeze nje kama milimita 5 kufuata mzunguko wa nyuzi, na mgongoni kale kamlima kadogo kakabaki kalivyo. Kifundo kikiwa katikati ya upana ukakiachia nyama ya kutosha pembeni upinde unaishi, kikikaa ukingoni nusu ndani nusu nje hapo ndo hatari, bora uhamishe mchoro wako wote pembeni hata kama upinde utakuwa na kona kidogo. Ile nyeusi iliyooza katikati unaweza kuichokoa na kujaza unga wa mbao na gundi, inapendeza, ila jua kujaza hakuongezi nguvu hata kidogo, hesabu pale kama pana shimo.

Karatasi kuhusu vifundo ina sentensi moja tu. Kwa mti huu sentensi moja ni dharau.

Vipimo walivyotoa lakini viko sawa na nawapa haki yao. Urefu wa inchi 68 kwa mtu anayevuta inchi 28, mikono upana wa sentimita 5 karibu mpaka katikati halafu inapungua kuelekea ncha nyembamba, mshiko mgumu usiokunjika. Kwa mti huu upana huo unahitajika, usijaribu kutengeneza wembamba kama ule wa yu. Na kabla ya yote, ukavu. Mti ukiwa na unyevu ukaukunja unabaki umejikunja hata ukitoa kamba, nguvu inapotea milele. Njia rahisi ni kuchonga umbo la awali, kulipima kwenye mizani ya jikoni kila baada ya siku kadhaa na kuandika, uzito ukiacha kushuka basi mti umelingana na hewa ya pale ulipo. Cha kwangu kiliendelea kushuka kwa muda mzuri tu ingawa kwenye boksi kimeandikwa kiko tayari, kwa hiyo usiliamini boksi, iamini mizani.

Kusawazisha mkunjo ndo kazi yenyewe sasa, mengine yote ni maandalizi. Unapunguza tumbo, tumbo tu, mgongo huugusi. Kikwaruzo cha kwenye seti ni kizuri kweli, kinatoa nyuzi nyembamba nyekundu zinazojikunja, na kinatosha, maana ukishafika karibu na mwisho tupa inakula kupita kiasi. Watu hawajui unene una nguvu kiasi gani hapa: ugumu unakwenda kwa unene mara tatu kwa wenyewe, kwa hiyo ukitoa nusu milimita tu kwenye mkono wa unene wa milimita 15, ugumu wa pale unashuka kwa karibu asilimia 10. Nusu milimita, tena kwa mwerezi ambao ni laini unaitoa kwa kukwaruza mara chache tu. Kwa hiyo kwaruza kidogo, vuta kidogo mara 20 au 30 ili nyuzi zizoee na mabadiliko yaonekane, angalia, ndo ukwaruze tena. Na usivute kamwe kuzidi uzito wa kuvuta (nguvu ya kuvuta kamba mpaka mwisho) unaoutaka mwishoni, ukitaka paundi 40 basi ukifika 40 kwenye mizani unaacha hapohapo hata kama umevuta inchi 12 tu, unarudi kukwaruza sehemu zilizo ngumu.

Kujua wapi ni pagumu, karatasi inasema simama mbali uangalie. Sawa, macho ni muhimu, lakini kuna kitu kidogo kinachosaidia zaidi hasa kama macho yako hayajazoea: kibao kilichonyooka cha urefu wa sentimita 15, toboa tundu katikati, pitisha penseli ibane vizuri. Upinde ukiwa umekunjwa kidogo, weka kibao tumboni, sukuma penseli mpaka ncha ikaribie kugusa pale panapokunjika zaidi, kisha kiburute kibao mkono mzima. Palipo pagumu hapajajikunja, kwa hiyo penseli inagusa na kuchora, palipojikunja inapita hewani. Unakwaruza penye michoro tu. Kwa mwerezi hii ni dhahabu, maana ukiruhusu sehemu moja ijikunje kuliko nyingine hata kidogo, hapo ndo mgongo utaachia, na kwenye vifundo ambapo upana umebadilika macho yanadanganyika kirahisi.

Nimebandika ngozi mbichi upinde ukiwa umeshaanza kujikunja sawa lakini haujafika mwisho. Loweka mpaka ilainike, futa maji, paka gundi ya ngozi pande zote, gundi yenyewe iwe vuguvugu kama nyuzi joto 60 hivi, isichemke maana ikichemka inapoteza nguvu, kisha viringishia kitambaa kwa kubana mpaka ikauke kabisa. Vipande viwili vinakutana mshikoni ambapo hapakunjiki, hakuna shida. Ngozi waliyotoa ni nyembamba, sawasawa upana wote, hapo sina la kulalamika. Lakini ieleweke, ngozi mbichi inazuia unyuzi usiinuke, haiongezi kasi. Ukitaka upinde mfupi wa nguvu ni kano, kano zinavutika zaidi kuliko mti wowote na zikikauka zinajivuta na kuupindisha upinde kwenda mbele, ila kuzipondaponda, kuzichambua na kuzisubiri zikauke ni wiki nyingi, na zinachukia unyevu. Hawa wauzaji wangeweka kano kama chaguo la pili ningefurahi. Mianzi nisingeweka mgongoni kwa mti huu, ni migumu mno kwa kuvutika, inalielemea tumbo laini.

Kamba ya naironi iliyokuja nayo tumia kuanzia tu, kwa mazoezi ya awali ya kukunja. Inavutika kama mpira, unaifunga asubuhi upinde uko na nafasi ya sentimita 15 kati ya mshiko na kamba, baadaye nafasi imepungua, na ikivutika hivyo inakula nguvu ya mshale. Nimesokota ya dakroni (uzi wa poliesta), tofauti unaisikia hadi kwenye mlio.

Na sasa upinde wenyewe. Wangu umetoka paundi 42 kwa inchi 27, niliishia hapo kwa hiari kwa sababu ya kile kifundo. Ni mwepesi mpaka mtu akiushika anadhani ni wa mapambo. Akivuta na kuachia anabaki anaangalia kiganja chake maana hakijapigwa na kitu. Ukitoa kamba umebaki na mkunjo mdogo tu, chini ya inchi moja na nusu, kwa mti unaoitwa dhaifu mi nasema ni kazi nzuri. Na rangi jamani, tumbo jekundu la zambarau lenye mistari ya krimu, harufu haijaisha mpaka leo. Wekundu utageuka kahawia kwa mwanga kadiri muda unavyokwenda, hilo lijue, mafuta na varnishi havilizuii kabisa.

Umaliziaji ni msasa laini tumboni na kingo ziviringishwe kidogo, kisha sheleki au mafuta, hamna siri. Ila vaa barakoa muda wote wa kazi, vumbi la mti huu linawasha pua na koo, na harufu nzuri isikudanganye. Karatasi haijataja barakoa popote, nayo ni kasoro.

Kwa hiyo mbao nawapa nne na nusu kwa tano, kikwaruzo na ngozi nne, kamba mbili, maelekezo moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya vipimo. Kama umeshawahi kutengeneza hata upinde mmoja wa mti wowote, nunua, utafurahi sana. Kama hujawahi kabisa, anza na mti unaosamehe kama hikori, ambayo mgongo wake hauvunjiki kirahisi, ndo uje huku. Wauzaji nimewaandikia kuhusu ile sentensi ya msasa mgongoni, wamejibu kwamba wataipitia.

Kwa walio nayo tayari: usiachie kamba bila mshale hata mara moja, usimpe mtu mwenye mikono mirefu auvute bila kumwonyesha mwisho wake, toa kamba kila ukimaliza, na usiuache ndani ya gari juani, gundi ya ngozi na joto havielewani.